Shadrack Kivuva Ndululu, Aliyewarudishia Maneno Watu wa Ndege

Mchungaji, wazee wetu, akina mama wa kanisa, jamaa mliotoka Ikutha jana kwa lori, na majirani wote wa Makindu, asanteni kwa kuja. Karatasi mnayo mkononi, kwa hiyo nikimeza neno mtanishika. Desturi yetu ni mjane akae chini ya turubai na shemeji asome wasifu. Shemeji yangu Ndeti, mdogo wake marehemu, aliandika wa kwake, nusu ukurasa, safi kabisa. Nilimwambia aukunje auweke mfukoni. Akasema, "Sawa shemeji, lakini mambo ya redio usiyaguse mbele ya mchungaji." Nikamwambia mchungaji ni mtu mzima na ana mke. Mimi, Rhoda Ndinda, nimekuwa mke wa Kivuva kwa miaka thelathini na tisa, na katika miaka hiyo yote wako watu waliopata maneno yake kunishinda. Leo nasoma mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1936 huko Ikutha, wilaya ya Kitui, mtoto wa pili wa mzee Ndululu na mama Kalunde, ambao wote wametangulia. Mama mkwe alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema mpaka akapelekwa kwa mkunga aliyemzalisha, aangaliwe ulimi. Mkunga akamfungua mdomo, akachungulia, akasema ulimi upo, ni mwenyewe tu hajaona la kusema. Mwaka 1947 familia ilivuka mto Athi ikahamia upande wa Makueni kufuata malisho. Kivuva alivuka akiwa amemshika mbuzi mmoja masikio, na wanasema hata siku hiyo, maji yakiwa kifuani, hakulia wala kuita mtu.

Alianza masomo mwaka 1946 katika shule ya misheni kule Ikutha, akaendelea Makueni, na akamaliza darasa la sita mwaka 1952. Majina yakiitwa asubuhi aliinua mkono badala ya kuitika, na mwalimu, ambaye alikuwa haoni vizuri, akamwandika hayupo karibu muhula mzima. Mwisho wa muhula akawa wa tatu darasani huku akiwa hayupo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi niliyeishi na kimya hicho nawaambia kwamba mshindo wake ulikuwa unasikika kwa watu wengine.

Mwaka 1954 aliajiriwa na reli katika stesheni ya Sultan Hamud, kazi ya kugeuza njia za treni. Hapo ndipo Kivuva alipofundishwa kusema. Stesheni masta wake alikuwa mzee mkali, na alimwekea sheria moja ya simu. Mtu wa Emali akipiga kusema treni imetoka, usimjibu sawa, usimjibu ndiyo. Mrudishie maneno yake yote kama alivyoyasema, naye ayasikie yakirudi, kwa maana laini ya simu hukatika. Neno lisilorudishwa halijasikika, na treni mbili zinaweza kukutana kwa sababu ya mtu mmoja aliyesema sawa. Kivuva aliishika sheria hiyo, na hakuiacha mpaka anastaafu.

Mimi nilikuwa nikiuza nyanya pale stesheni, nikiwa nimetoka kwetu Kibwezi kukaa kwa shangazi. Huyu kijana wa reli alikuja kila siku kununua nyanya, na baadaye nikajua kwamba nyanya hali, anampa mbwa wa stesheni masta. Hakuniambia kitu. Nilishtukia tu wazee wamefika kwetu Kibwezi na mbuzi wa ntheo, na ninyi mnajua kwamba kwetu Ukambani mbuzi hao wakishachinjwa msichana ameshakuwa mke wa mtu. Baba aliniita pembeni akaniuliza, "Huyu kijana alikuambia nini?" Nikasema hajaniambia kitu. Baba akasema, "Basi huyo hatakusumbua." Tulifunga ndoa kanisani tarehe 20 Desemba 1958. Mchungaji alisoma kiapo kipande kwa kipande, na Kivuva akayarudisha maneno yote, neno kwa neno, kwa sauti ambayo watu wa nyuma waliisikia. Nikafikiri nimepata mume msemaji.

Tulipofika nyumbani ikawa "Mm." Nikisema Baba Mutie, chumvi imeisha, anasema "Mm." Mafuta ya taa yako chini, "Mm." Binti yetu Muthoki anakohoa tangu jana, "Mm." Sijui kama ni ndiyo, sijui kama amesikia, nabaki nimesimama na kibuyu mkononi. Haki yake niiseme, jioni chumvi ilikuja. Mafuta ya taa yalikuja, na dawa ya kikohozi ikaja. Hakuna siku kitu nilichomwambia asubuhi kilikosa kufika jioni, na sikuelewa mtu asiyesikiliza anakumbukaje.

Mwezi wa Juni 1966 aliacha reli. Wamisheni walikuwa wamejenga zahanati nje ya Makindu, na kando yake wakasafisha kiwanja cha ndege ili wagonjwa wazito wachukuliwe mpaka Nairobi. Walitaka mtu wa kukiangalia, wakamchukua Kivuva. Kazi yake ilikuwa kupaka mawe ya pembeni chokaa, kuziba mashimo ya ngiri, kufukuza ng'ombe, na kuhakikisha ile soksi ya upepo, inayomwonyesha rubani upepo unakotoka, haijanaswa kwenye mti wake. Mvua ikinyesha alivua viatu akatembea kiwanja kutoka mwisho hadi mwisho, akikita kisigino kila baada ya hatua chache. Kisigino kikisimama, ndege itue. Kikizama, kiwanja kimefungwa, na hata ungekuwa nani hukifungui.

Wengi wenu mnaikumbuka kamba yake ya mkonge. Ndege ikitua, aliifunga kutoka mti hadi mti, na hakuna aliyeivuka mpaka propela isimame na rubani ainue mkono. Watu walikuwa wanataka kukimbilia mgonjwa wao, wengine wana sufuria ya chakula, wengine wanalia. Kivuva alisimama mbele yao. "Propela haina jamaa," alikuwa akisema, na hiyo ilikuwa hotuba ndefu kwake. Siku moja mchungaji aliyekuwepo wakati huo, mzee Mutiso, Mungu amrehemu, alitaka kupita kwa sababu ndege ililetea kanisa vitabu vya nyimbo. Alisimamishwa kwenye kamba akiwa na kola shingoni. Akamwambia, "Kivuva, mimi ni mchungaji wako." Kivuva akamjibu, "Ndiyo maana." Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyekatwa na propela Makindu, wala mbuzi.

Sasa nafika kwenye redio. Ndeti, usiniangalie hivyo.

Mwaka 1969 ofisi ya ndege za misheni kule Nairobi iliajiri msichana wa kushika redio. Jina lake Rahab Wariara, binti wa mzee Ng'ang'a aliyefungua duka pale Sultan Hamud sisi tukiwa tumeshahama. Alizaliwa Ukambani huku huku, akakulia huku, na Kikamba chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Amekaa hapo safu ya pili, mwenye kitambaa cha bluu. Kila asubuhi kabla ndege hazijaruka alikuwa anaita viwanja vyote, na kiwanja cha Makindu kilikuwa mume wangu.

Nilikuwa nimesikia habari za hiyo redio kutoka kwa wake wa wafanyakazi wa zahanati. "Mzee wako kumbe anaongea hivyo," waliniambia, wakicheka kwa kitambaa mdomoni. Siku moja nikampelekea uji mwenyewe, jambo ambalo sikuwa na kawaida nalo, nikasimama nje ya dirisha la chumba cha redio. Sauti ya mwanamke ikasema, "Makindu, Makindu, wanipata?" Na Kivuva wangu, wa "Mm", akasema, "Nakupata vizuri, Wariara. Wingu zito limekaa kwenye vilima vya Chyulu, linasogea upande wetu polepole. Upepo wa kusini, si mkali. Kiwanja kimekauka, kisigino kinasimama. Ng'ombe hakuna." Sauti ikayarudisha yote. Kisha sauti ikasema ndege itatoka baada ya chai, ina muuguzi na sanduku mbili za dawa, na Kivuva akarudisha, ndege itatoka baada ya chai, ina muuguzi na sanduku mbili za dawa. Neno kwa neno, kama siku ya kiapo.

Uji ule niliumwaga kwenye mchongoma. Nilishikwa na wivu, na sitaki mtu aniambie baadaye kwamba wivu ni dhambi, kwa sababu mimi ndiye niliyechinjiwa mbuzi wa ntheo, si redio. Jioni nilimwuliza, "Huyo Wariara ana umri gani?" Akafikiri. "Sijui." "Ni mzuri?" "Sijamwona." Nikamwambia, "Na mimi niliye hapa unaniona?" Akasema, "Mm." Chumvi ilikuwa mezani.

Miaka ikaenda hivyo. Tulizaa Mutie mwaka 1960, Muthoki 1963, Kavata 1968, na nikadhani nimemaliza. Kisha mwaka 1978, nikiwa mama mzima mwenye binti wa kuchumbiwa, nikashika mimba.

Jumatano tarehe 22 Novemba 1978 uchungu ulinishika mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri. Mkunga wa zahanati alinipima akasema mtoto amelala vibaya, hapa hawezi, niende Nairobi. Barabara ilikuwa imekatika mbele na nyuma. Walinilaza kwenye kitanda cha kubebea wagonjwa, barazani pa chumba cha redio, ili ndege ikija nisicheleweshwe. Kwa hiyo nilisikia kila kitu, na leo nayasema kama nilivyoyasikia.

Ndege ilikuwa imeshatoka Nairobi. Rubani alikuwa Evanson Irungu, kijana hodari, na alikuwa na muuguzi ndani. Mvua ikapungua kidogo, mbingu ikafunguka kipande. Kivuva akavua viatu akaenda uwanjani. Nilimwona kutoka pale nilipolala, akitembea na kusimama, akitembea na kusimama, akawa mdogo kule mwisho, akageuka. Aliporudi alikuwa na matope mpaka kwenye mashavu ya miguu. Hakunitazama. Alipita akaingia kwenye redio.

"Wariara, kiwanja cha Makindu kimefungwa. Katikati panazama. Nirudishie."

Wariara hakurudisha. Aliuliza, "Kivuva, huyo ninayemsikia akilia hapo nje ni nani?"

"Ni Ndinda."

"Mama Mutie? Ndiye mgonjwa?"

"Ndiye. Irungu usimwambie. Akijua ni mke wangu atajaribu kutua. Kiwanja kimefungwa, katikati panazama. Nirudishie."

Yule mwanamke akayarudisha. Kiwanja cha Makindu kimefungwa, katikati panazama. Na nikasikia ndege juu. Irungu akaingia kwenye redio mwenyewe, akasema anaona kiwanja vizuri, maji si mengi, anaweza kujaribu kugusa chini upande wa kaskazini. Kivuva akamwambia, "Kutoka juu panaonekana pazuri. Mimi nimepakanyaga. Kimefungwa, Irungu. Wingu la Chyulu linashuka, rudi sasa ukiwa na njia. Nirudishie."

Nikapiga kelele. "Baba Mutie, mwambie ni mimi. Mwambie ni mimi niko hapa."

Kivuva akageuza kichwa mlangoni, akaniangalia, akasema, "Mm."

Hakumwambia. Wariara naye hakumwambia. Walikuwa wameshakubaliana wawili hao juu ya tumbo langu, na mimi mwenye tumbo sikuulizwa. Irungu akarudisha maneno, akageuza ndege, na ule mlio ukaenda ukifa upande wa Nairobi mpaka ukabaki wa mvua peke yake. Nimezaa mara nne, na hakuna uchungu ulionikata kama ule wa kusikia ndege ikirudi kwao.

Kivuva alituma watu stesheni, na kwa sababu watu wa reli hawasahauni, treni ya mizigo iliyokuwa imesimama Makindu ikakubali kunibeba kwenye behewa la gadi, msimamizi wa treni. Wanaume walinipeleka kwa mkokoteni. Nilimtafuta Kivuva kati yao, sikumwona. Mkunga akaniambia, "Amebaki kwenye redio. Haruhusiwi kuondoka mpaka ndege itue Nairobi." Nikaingia kwenye treni na mkunga. Mume wangu akabaki na Wariara kumsindikiza Irungu.

Tulipopita Emali mtoto akazaliwa. Mkunga alisema mpaka kufa kwake kwamba ni lile behewa lililomgeuza kwa kutikisika, dawa haikuwepo. Alikuwa msichana, mzima, mwenye hasira, na kwa sababu ya mvua tukamwita Mumbua. Treni iliposimama Sultan Hamud kulikuwa na mama mmoja mnene ananingoja na blanketi na birika la uji wa moto. Nikamshukuru, nikamwuliza wewe ni nani. Akasema, "Mimi ni mama yake Wariara. Amenipigia simu stesheni." Nikaunywa, kwa sababu nilikuwa na njaa. Lakini hata uji wangu wa uzazi ulitoka kwao.

Kivuva alinifikia kesho yake pale Sultan Hamud nilikolazwa, amechoka, koti limelowa. Akamchukua mtoto akamwangalia muda mrefu. Nikamwuliza, "Mbona hukuja na mimi?" Akasema, "Ndege ilikuwa bado hewani." Nikageukia ukuta. Siku chache baadaye trekta la misheni lilipita katikati ya kile kiwanja likazama mpaka tumboni, likavutwa na ng'ombe. Watu walikuja kuniambia, ona mama, ndege ingepinduka pale, Irungu na muuguzi wangekufa mbele yako. Nikawaambia nimeona trekta. Nilijua alikuwa na haki. Haki yake ilikuwa kubwa hata nikakosa mahali pa kuweka hasira yangu, ikabaki imelala kwangu miaka mingi kama mgeni asiyeaga.

Marehemu aliendelea na kazi hiyo kwa uaminifu hadi tarehe 30 Aprili 1991, kiwanja kilipofungwa na wagonjwa wakaanza kupelekwa kwa gari. Wamisheni walimpa saa ya ukutani na blanketi mbili. Alirudi shambani, akalima pojo na mtama, akawa mzee wa kanisa, na kila mvua ikinyesha alivua viatu akatembea shambani akikita kisigino, bila ndege yoyote kuja. Redio ilinyamaza. Nikafikiri sasa zamu yangu imefika, maneno yaliyobaki ni yangu. Ikawa "Mm."

Tarehe 9 Septemba 1997 alianguka karibu na zizi. Kiharusi kilimshika upande wa kulia na kikachukua maneno yake. Alilazwa majuma kadhaa, kisha daktari akatwambia tumrudishe nyumbani. Akasema jambo moja zaidi, ambalo sikulielewa mpaka tulipofika. Alisema mzee hawezi tena kutoa neno lake mwenyewe, ila anaweza kurudisha analoambiwa.

Nikamwambia, "Baba Mutie, uji uko tayari." Akasema, kwa taabu, "Uji uko tayari." Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Leo kuna jua." Akasema, "Leo kuna jua." Nikatoka nje nikashika nguzo ya jikoni nikalia, na nawaambia ukweli mbele ya jeneza hili kwamba sehemu ya kilio ilikuwa furaha. Tangu siku ya kiapo sikuwa nimerudishiwa maneno. Niliongea kutwa. Nilimwambia habari za kuku, za Kavata na mchumba wake, za bei ya sukari, naye akarudisha kipande kipande. Mumbua alinikuta siku moja nikisema, "Ndinda ni mke wangu," ili arudishe, naye akarudisha, na mtoto akaondoka akanifungia mlango.

Mwezi wa Januari mwaka huu, katika zile mvua zilizobomoa barabara ya Mombasa, Wariara alikuja kumwona mgonjwa. Alikuja kwa treni. Mlangoni aliniambia, "Mama Mutie, naomba kumsalimia mzee." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso. Ni mwanamke wa kawaida, mfupi, amevaa miwani, na hilo pia liliniudhi. Nikampa kiti. Nilijua kitakachotokea. Atasema neno, na mume wangu atalirudisha mbele yangu, na yale majuma yangu yote yatakuwa si kitu.

Wariara akainama. Akasema kwa sauti ileile niliyoisikia dirishani, "Makindu, Makindu, wanipata?"

Kivuva akamwangalia. Midomo ikatafuta. Akasema, "Mm."

Nilifurahi, jamani. Moyo ulinipanda kama wa msichana. Nikasema ndani yangu, nawe umeipata, uionje.

Wariara akavua miwani, akaifuta. Akaniambia, "Mama Mutie, miaka yote ile hajanijibu hivyo hata mara moja. Hivyo ndivyo anavyokujibu wewe?" Nikamwambia ndivyo. Akatikisa kichwa, akaanza kucheka kidogo huku machozi yanamtoka. "Basi ndiyo hiyo. Kila asubuhi, mambo ya ndege yakiisha, alikuwa ananiambia, Ndinda amesema chumvi imeisha. Ndinda amesema mafuta ya taa yako chini, Muthoki anakohoa. Mimi namrudishia, halafu jioni nikifunga redio namkumbusha, Makindu, chumvi. Nikamwuliza mbona usimrudishie mwenyewe nyumbani. Akasema, kwake sirudishi. Nyumbani laini haikatiki."

Nilikaa. Chumvi yangu. Mafuta yangu ya taa. Kikohozi cha mtoto wangu kilienda mpaka Nairobi kikarudi, na mimi nikimlaumu mtu kwamba hasikii. Mnataka niseme kwamba wivu uliisha siku hiyo, na Ndeti aliniomba niandike hivyo. Haukuisha. Ulihama. Niliona wivu kwamba hilo neno, nyumbani laini haikatiki, neno zuri kuliko yote aliyowahi kusema, alimpa Wariara badala yangu. Na nilipomaliza kuona wivu juu ya hilo, nikamkumbuka yule mgonjwa kitandani na nikaona wivu mkubwa zaidi, kwa sababu ile "Mm" ilikuwa yangu peke yangu toka Desemba 1958, na sasa ametoka kuigawa.

Nilimsindikiza Wariara stesheni. Nilimbebea mwavuli.

Alhamisi tarehe 5 Februari 1998, asubuhi, nilifungua dirisha. Chyulu ilionekana yote, haikuwa na wingu. Nikamwambia, "Baba Mutie, mvua imeisha." Nikangoja aseme mvua imeisha, kama alivyokuwa akirudisha kila kitu. Alinitazama vizuri, macho yakiwa yake kabisa. Akasema, "Mm." Nikamfunika miguu, nikaenda kuleta uji, na niliporudi alikuwa ameshakwenda. Hiyo ya mwisho alinipa mimi, na sitaigawa kwa mtu.

Marehemu ameacha mjane, Rhoda Ndinda. Watoto Mutie, Muthoki, Kavata na Mumbua. Wakwe na wajukuu saba. Ndugu yake Ndeti. Na mashemeji wa Kibwezi. Mwisho kabisa, baada ya mashemeji, nimemwandika Rahab Wariara wa redio. Nimemwandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Atasimama na familia wakati wa kutupa udongo, upande wa kushoto, mimi nikiwa upande wa kulia.

Baba Mutie, kazi yako umeimaliza, ndege zote zimetua. Pumzika kwa amani. Usinirudishie. Najua umesikia.